Aliyeitazama hadithi hajaisoma, lakini tusimkaripie

Mwaka wa 2014, katika muhula wa pili, kikundi cha waigizaji kilifika katika shule ya kutwa niliyokuwa nikifundisha ili kutuonyesha riwaya ya Kidagaa Kimemwozea, kazi ya marehemu Ken Walibora, ambayo wakati huo ilikuwa ikitahiniwa katika KCSE. Walimu wenzangu wanayafahamu vyema maonyesho ya namna hii. Kila mwanafunzi hutozwa fedha kidogo, meza za bwalo huondolewa, pazia hutundikwa kwenye kamba ya kuanikia nguo, na kwa muda wa saa mbili riwaya nzima hukimbizwa kama matatu ya mwisho ya jioni. Siku hiyo, yalipofika masaibu ya yule mtoto mchanga aliyeachwa mlangoni pa Amani, mwigizaji aliingia amebeba mwanasesere wa plastiki aliyeviringwa kwa leso. Kichwa cha mwanasesere kikachomoka, kikabingirika hadi miguuni pa naibu wa mwalimu mkuu. Bwalo zima likaangua kicheko. Nami pia nilicheka.

Wiki tatu baadaye nilikuwa nikisahihisha mtihani wa majaribio. Swali lilihusu tabia za Mtemi Nasaba Bora. Wanafunzi kumi na mmoja waliniandikia kwamba Mtemi alijikwaa kwenye joho lake akaanguka kifudifudi mbele ya raia zake, na mmoja wao, kwa hati ya kupendeza mno, akaongeza kwamba anguko hilo ni ishara ya kuporomoka kwa uongozi dhalimu. Aliyejikwaa, maskini, si Mtemi wa riwaya bali ni mwigizaji, kwa sababu joho lenyewe lilikuwa la kuazima na lilimzidi urefu. Sina budi kukiri kwamba ile fasiri ya ishara ilinivutia. Nimepata kusoma tahakiki za wataalamu zilizo dhaifu kuliko hiyo. Hata hivyo hasira zilinipanda. Niliingia darasani na karatasi zile mkononi nikawakaripia kwa nusu saa. Niliwaambia kwamba mtu aliyeitazama hadithi hajaisoma, kwamba uvivu ndio unaowapeleka kwenye michezo na kanda, na kwamba kizazi chao kitakuja kudai kimekula karamu kwa kuitazama picha ya arusi.

Baada ya kipindi msichana mmoja, yule mwenye hati ya kupendeza, alinifuata nje.

"Mwalimu," akaniambia kwa adabu, "mimi kitabu hakijanifikia. Tuko wanne kwa nakala moja, na zamu yangu ni Jumapili, lakini mwenye zamu ya Jumamosi huenda nacho kwa nyanya yake. Ule mchezo ndio kitabu changu."

Sikuwa na la kumjibu. Nilimwambia aende darasani, nami nikabaki nimesimama kwenye baraza kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda.

Nimeyakumbuka maneno yake wiki hii kwa sababu ubishi ule ule umezuka tena katika chumba cha walimu, safari hii kuhusu filamu ambazo wanafunzi huzitazama kwenye simu. Mwenzetu mmoja kijana anashikilia kwamba filamu imeua usomaji. Mwingine anasema kwamba mwalimu wa fasihi asiyetumia filamu amepitwa na wakati. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa kila nilipotaka kuunga mkono upande mmoja, filamu fulani au kitabu fulani kilinikatiza kauli. Basi msomaji aniruhusu nivitaje hapa hivyo vilivyonikatiza.

Kwanza, sina haki ya kujitia utakatifu. Sinema niliijua kabla ya kuijua riwaya. Gari la sinema lilipofika sokoni kwetu, kipaza sauti kilikuwa kikitangaza tangu adhuhuri, "Sinema leo! Sinema leo!", na usiku ulipoingia shuka jeupe lilitundikwa, nasi watoto tukaketi mavumbini. Waliochelewa walikaa upande wa pili wa shuka, wakawaona waigizaji wote wakishika kila kitu kwa mkono wa kushoto. Kabla ya picha yenyewe tulifundishwa kununua sabuni na dawa ya meno. Sikumbuki jina la picha hata moja. Ninachokumbuka ni kwamba picha ilikwenda nasi tukaifuata, na ukanda ulipokatika tulipiga mbinja mpaka ukaungwa tena. Haikutupitikia kutumia kimya kile kufikiri.

Riwaya ya kwanza niliyoisoma kwa hiari yangu ni Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka wa 1960. Nakala niliyoipata haikuwa na kurasa za mwisho. Nadhani ziliwashia moto au zilifungia njugu. Hebu fikiria adha ya kusoma hadithi ya upelelezi isiyo na mwisho. Kwa muda wa miaka minne nilimshuku mtu asiyehusika, nikijenga ushahidi wangu mwenyewe usiku kando ya koroboi, na nilipoipata nakala kamili nilitahayari kama hakimu aliyemfunga asiye na hatia. Bwana Msa na kiko chake nilimpa sura ya ami yangu aliyekuwa karani wa chama cha ushirika, mtu wa maneno machache na macho ya kuchungulia. Hadi leo sura hiyo haijaniondoka. Ningeonyeshwa Bwana Msa mwingine katika filamu, hata angekuwa mwigizaji bora kiasi gani, ningedai nirudishiwe ami yangu.

Hayo ndiyo yaliyonipata kwa Okonkwo. Riwaya ya Chinua Achebe, Things Fall Apart, ilitoka mwaka wa 1958, nami niliisoma kwa Kiingereza na baadaye kwa Kiswahili, katika tafsiri ya Clement Ndulute iitwayo Shujaa Okonkwo. Okonkwo wangu alikuwa mnyanyua magunia mmoja wa sokoni kwetu. Kisha nikaitazama tamthilia iliyotengenezwa na televisheni ya taifa ya Nigeria mwaka wa 1987, ambamo Okonkwo aliigizwa na Pete Edochie, yule mzee ambaye Wakenya wengi wamemzoea katika filamu za Kinigeria akitoa methali moja baada ya nyingine. Aliigiza vizuri mno. Aliigiza vizuri kiasi kwamba mnyanyua magunia wangu alifukuzwa siku hiyo hiyo, na sijamwona tena. Kila ninapoifungua riwaya sasa, Edochie yumo ndani ananisubiri.

Lakini sura si kitu kikubwa. Kilichonisumbua ni kisa cha Ikemefuna. Kijana huyu amekaa nyumbani kwa Okonkwo miaka mitatu, anamwita baba, na siku ya kuuawa kwake anamkimbilia huyo huyo baba amwokoe. Okonkwo anainua panga na kumkata. Achebe anatumia maneno machache tu kutueleza kwa nini: Okonkwo aliogopa kuonekana dhaifu. Sentensi hiyo ndiyo inayoishika riwaya nzima kama nguzo ya kati. Sasa niambie, kamera itaipigaje picha hofu ya mtu ambaye kazi yake yote maishani ni kuificha hofu hiyo? Mwigizaji ataufanya uso wake uonyeshe woga. Lakini akiuonyesha woga, huyo si Okonkwo tena, kwa maana Okonkwo hangekubali uso wake umwaibishe mbele ya watu. Anayeijua siri hiyo ni msimulizi peke yake, na msimulizi ndiye mhusika asiyepewa nafasi katika filamu.

Ndiyo sababu wanafunzi wangu kumi na mmoja walijua Mtemi alifanya nini jukwaani lakini hawakujua riwaya inamwambia msomaji nini juu yake. Matendo waliyaona. Ulimi unaoyasimulia matendo, ule unaokejeli huku unasifu na kusifu huku unakejeli, haukuletwa shuleni siku ile. Haukuwamo katika gari la waigizaji.

Nilipofikia hapo nilidhani nimepata silaha ya kumpa yule mwenzangu kijana. Filamu ya Out of Africa ikaninyang'anya. Filamu hii ilitengenezwa nchini mwetu na kutolewa mwaka wa 1985 chini ya uelekezi wa Sydney Pollack. Meryl Streep ndiye Karen Blixen, yule mwanamke wa Denmark aliyekuwa na shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong, na Robert Redford ndiye Denys Finch Hatton, mwindaji Mwingereza. Ilizoa tuzo saba za Oscar. Niliitazama mara ya kwanza kwenye kanda ya video katika sebule ya jirani, na nitasema kweli hata kama itanivunjia heshima: niliipenda. Nchi ilipoonekana kutoka kwenye ndege ndogo, na muziki wa John Barry ukipanda pole pole, nilijikuta nikiitamani nchi ambayo nilikuwa nimeketi ndani yake. Si ajabu hiyo, mtu kuingiwa na shauku ya kwao kwa kuazima macho ya mgeni? Nilitoka nje nikaona matope, mbuzi wa jirani na nguzo ya umeme iliyoinama, nikahisi nimepunjwa.

Kwa ajili ya filamu hiyo nikakitafuta kitabu, kilichochapishwa mwaka wa 1937. Mapenzi yaliyonifanya nimeze mate sikuyakuta. Finch Hatton yumo. Anakuja na kwenda, anarusha ndege yake, anakufa na kuzikwa huko vilimani, lakini mwandishi hasemi waziwazi kwamba walikuwa wapenzi. Anayepewa nafasi pana tangu mapema ni mtu ambaye katika filamu nilikuwa nimemwona kwa kupita tu: Kamante, mtoto wa Kikuyu mwenye miguu iliyojaa vidonda, aliyepelekwa katika hospitali ya misheni ya Waskoti akarudi amepona, kisha akawa mpishi hodari wa nyumba ile. Nilifurahi. Nikajiambia, hiki ndicho kitabu kinachoipita filamu, maana kimemtoa mwenzetu jikoni kikamleta mbele. Furaha yangu haikudumu. Mara kwa mara, anaeleza Blixen, Kamante alimletea kiazi kitamu kilichochomwa au kipande cha mafuta ya kondoo ili naye aonje utamu wake. Na papo hapo anamlinganisha na mbwa aliyekaa na watu muda mrefu, anayemwekea bwana wake mfupa sakafuni kama zawadi.

Nilikifunga kitabu nikaenda kunywa maji. Filamu ilikuwa imemsukuma Kamante pembeni. Kitabu kilikuwa kimemleta katikati, kisha kikamfanya mbwa. Ngũgĩ wa Thiong'o alikwisha kukishutumu kitabu hiki vikali kwa sababu ya mifano ya namna hiyo, na nilipoisoma shutuma yake sikuweza kumpinga, ijapokuwa bado naona kwamba kurasa kadhaa za Blixen kuhusu mvua na ukame zimeandikwa kwa mkono usio wa kawaida. Kubishana na mtu anayeandika vizuri ni kazi ngumu kuliko kubishana na mjinga.

Wala mambo hayakuishia hapo. Mwaka wa 1975, miaka kumi kabla ya filamu, simulizi za Kamante mwenyewe zilitolewa katika kitabu kilichoandaliwa na Peter Beard, Longing for Darkness. Kwa hiyo maisha ya shamba moja yamesimuliwa mara tatu: na mwenye shamba, na mpishi wake kupitia kwa mgeni mwingine, na watengenezaji wa filamu. Mwaka mmoja nilizipeleka habari za simulizi hizo tatu darasani, nikawauliza vijana ni nani wanayemwamini. Sijawahi kukiona kipindi cha fasihi chenye kelele nyingi kama kile. Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini hakuna aliyewauliza wanawake waliochuma ile kahawa. Nililiandika swali lake ubaoni nikaliacha bila jibu, na mwalimu wa hesabu aliyeingia baada yangu alilifuta.

(Nisisahau kusema kwamba miongoni mwa Wakenya walioonekana katika filamu ile alikuwemo Job Seda, ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Ayub Ogada na kwa nyatiti yake. Aliaga dunia mwaka wa 2019. Siku hizi nikiitazama tena filamu hiyo humtafuta yeye, wala simtafuti Redford.)

Kama Out of Africa ilinifunza kutomwamini msimulizi wa kitabu hivi hivi tu, Xala ilinifunza kwamba filamu inaweza kukipita kitabu ilikotoka. Nasema hivi nikijua kwamba mwandishi na mwelekezi ni mtu mmoja, Ousmane Sembène wa Senegal. Sembène alizaliwa mwaka wa 1923, akafanya kazi bandarini Marseille, akaandika riwaya kwa Kifaransa na kusifiwa. Kisha akatambua kwamba watu aliokuwa akiandika habari zao hawawezi kuzisoma. Akiwa mtu mzima alikwenda Moscow kujifunza kutengeneza filamu. Kwake sinema ilikuwa shule ya jioni ya watu wazima. Mwaka wa 1968 akatoa Mandabi, filamu iliyosemwa kwa Kiwolofu, ili mama muuza samaki wa Dakar aielewe bila kuazima masikio ya mtu. Yule mwenzangu anayeiona filamu kuwa adui wa fasihi sharti atueleze tumweke wapi Sembène.

Riwaya ya Xala ilitoka mwaka wa 1973, filamu ikafuata mwaka wa 1975. Ni habari ya El Hadji, mfanyabiashara tajiri aliyeoa mke wa tatu, msichana mdogo wa kutosha kuwa binti yake, na usiku wa arusi akajikuta amepotewa na nguvu za kiume. Ugonjwa huo ndio xala. Anatafuta waganga, anafilisika, na mwishoni ombaomba wanaijaza nyumba yake. Nilikisoma kitabu kwa tafsiri ya Kiingereza, nikacheka, nikakirudisha rafuni. Nilidhani nimekielewa.

Kisha nikaona filamu. Inafunguka kwa tukio lisilokuwamo katika kitabu: Waafrika wanaingia katika jumba la wafanyabiashara, wanawatoa Wafaransa, sanamu za Kifaransa zinawekwa ngazini, umati nje unashangilia na ngoma zinalia. Punde Wafaransa wale wale wanarudi kimya kimya, na kila bwana mpya anakuta mbele yake mkoba uliojaa noti. Tukio zima ni la dakika chache, na mikoba ile haihitaji neno la kuieleza. Niliyekuwa nimefundisha mada ya ukoloni mamboleo kwa miaka mingi, kwa vidokezo na vijidokezo, nilihisi kama mtu aliyekuwa akieleza ladha ya chumvi kwa mchoro. Halafu kuna maji. El Hadji hanywi maji ya nchi yake. Hunywa yaliyofungwa kwenye chupa Ufaransa, na gari lake la Mercedes nalo hunyweshwa hayo hayo. Binti yake, Rama, anayakataa maji hayo mbele ya baba yake, na kila baba anaposema Kifaransa yeye hujibu kwa Kiwolofu. Katika kitabu kilichoandikwa kwa Kifaransa, lugha hizo mbili zote hutufikia kwa Kifaransa, na mwandishi hulazimika kutuarifu kwamba sasa fulani anasema lugha nyingine. Katika filamu tunaisikia ile kukataa. Mtu asiyejua neno moja la Kiwolofu, kama mimi, anaisikia.

Mwisho nao una tofauti iliyonikosesha usingizi. Katika vyote viwili El Hadji anavuliwa nguo na ombaomba wanamtemea mate, kila mmoja kwa zamu, eti apone. Filamu inasimama hapo hapo, juu ya mwili uliolowa mate, picha ikaganda. Kitabu kinakwenda hatua moja mbele: nje ya nyumba polisi wanazielekeza silaha zao tayari kufyatua. Kipi bora? Miaka mingi nilisema filamu, kwa sababu inatuacha na ile aibu mikononi, hatuna pa kuitupa. Siku hizi, nikikumbuka tuliyoyaona katika barabara zetu wenyewe, narudi kwenye zile bunduki za kitabu. Sijakata shauri, wala simwamini mwalimu anayekata shauri haraka katika jambo hili.

Filamu ya mwisho ninayotaka kuitaja inatuhusu sisi tuliobeba chaki. The First Grader ilitolewa mwaka wa 2010, ikielekezwa na Justin Chadwick, nayo ni habari ya Mzee Kimani Maruge, aliyejiunga na darasa la kwanza huko Eldoret mwaka wa 2004 akiwa na umri wa miaka 84, baada ya serikali kutangaza elimu ya msingi ya bure mwaka wa 2003. Mwaka wa 2005 alikwenda New York kuzungumza kuhusu elimu katika Umoja wa Mataifa, na mwaka wa 2009 akafariki. Aliyemwigiza ni Oliver Litondo, ambaye wazee wenzangu wanamkumbuka kama mtangazaji wa habari.

Huwa nawashuku walimu wa filamu. Mwalimu katika Sarafina! ya mwaka wa 1992 anakamatwa na polisi kwa kufundisha historia ya kweli; mwalimu wa Maruge anahamishwa kwa kumtetea mzee; wote ni jasiri, wote ni warembo, wala sijapata kuona filamu ambamo mwalimu anasahihisha madaftari hamsini usiku wa manane huku taa ikipepesa. Kwa hiyo niliketi kuitazama The First Grader nikiwa nimejikinga. Kinga hiyo ilivunjika upesi. Mzee yule ana barua kutoka serikalini ambayo hawezi kuisoma. Amepigania nchi hii, amefungwa kizuizini, amempoteza mke na watoto, na karatasi moja inamshinda. Litondo anaishika barua ile kama mtu anavyoshika kifaranga, kwa hofu ya kukiumiza. Nililia, mtu mzima mwenye wajukuu, mbele ya mke wangu aliyejifanya hakuona.

Baada ya machozi ndipo nilipomkumbuka yule msichana. Hapa palikuwa na filamu, chombo kile kile nilichokuwa nimekitukana darasani, nayo ilikuwa ikinionyesha kiu ya kusoma kuliko nilivyoweza kuieleza kwa nusu saa ya makaripio. Naye mwanafunzi wangu alikuwa amesimama mbele yangu na kiu hiyo hiyo, nikamwita mvivu. Alichokuwa amepungukiwa ni kitabu. Nami nilikuwa na nakala yangu ndani ya dawati, imefunikwa kwa gazeti, pembezoni imejaa maandishi yangu ya penseli. Sikuwa nimewahi kumwazima mtu kwa kuchelea isichafuliwe.

Filamu ile niliitazama kabla muhula ule haujaisha, na siku iliyofuata nilimpa nakala hiyo. Sikumwomba radhi, kizazi chetu cha walimu hakikufundishwa jambo hilo, na najuta. Nilimwambia tu, "Kaa nacho, mwanangu, mpaka ukimalize." Alikaa nacho siku tisa. Alikirudisha kimefunikwa upya, kwa gazeti lililo safi kuliko langu.

"Mwalimu," akaniuliza, "kwa nini kule jukwaani hawakulitaja jina la mtoto?"

Nikamuuliza mtoto yupi.

"Yule aliyekufa. Humu ndani anaitwa Uhuru."

Nilikuwa nimeifundisha riwaya ile mwaka mzima. Nilikuwa nimeketi bwaloni, safu ya mbele kabisa, nikakitazama kichwa cha mwanasesere kikibingirika, nikacheka pamoja na wengine, na sikugundua kwamba jina lile halikutamkwa hata mara moja.